Kubaki au Kuhama: Neno kwa Vijana Walio Vyuoni na kwa Wazazi Wao

Masomo: Matendo ya Mitume 13:13 na 15:36–41, 2 Timotheo 4:11, Luka 14:28–30



Jumapili moja baada ya Misa baba mmoja wa hapa Kibaha alitungoja mlangoni pa kanisa. Alikuwa na binti yake, ambaye alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja cha mkoa wa mbali. Baba akasema, "Mwalimu, hebu zungumza na huyu. Anataka kuhama chuo. Nyumbani tumeshindwa naye." Binti alitazama chini. Tukaketi kwenye benchi chini ya mwembe, na mazungumzo yale hayakwisha siku ile.

Twaandika habari hii kwa ruhusa ya binti na wazazi wake, bila kutaja majina, kwa sababu twajua jambo hili si la nyumba yao peke yake. Kila mwaka vyuo vinapofunga kwa likizo ndefu, wako vijana wanaorudi Kibaha na Kisarawe na swali hilo moyoni, na wengi wao hawalisemi.

Yafaa tueleze pia kwa nini swali la binti huyu liligusa kanisa zima. Alipopata nafasi ya kusomea uhasibu, mkopo aliopewa na Bodi haukutosha. Waumini tukachanga. Akina mama wakamnunulia godoro na ndoo. Bibi yake, aliyeko Kisarawe, akauza korosho zake za msimu ule akaleta fedha zote. Siku ya kumwombea safari, tangazo likasomwa kanisani kwamba parokia sasa itapata mhasibu wake. Tukapiga makofi.

Basi habari za kuhama zilipoenea, maneno yakaanza. Wengine walisema, "Amechezea sadaka ya watu." Wengine walisema, "Vijana wa siku hizi hawana uvumilivu." Wengine nao wakasema, "Mwacheni, ni maisha yake." Ndugu zangu, makundi yote matatu yalisema upesi mno, kwa maana hakuna aliyekuwa amemwuliza binti neno lolote.

Na tumtazame Yohana Marko. Alitoka pamoja na Paulo na Barnaba katika safari yao ya kwanza. Wakapita Kipro, wakavuka bahari hadi Perge katika Pamfilia, na hapo Marko akawaacha wenzake akarudi Yerusalemu. Maandiko hayatuambii sababu. Baadaye Barnaba alitaka kumchukua tena, Paulo akakataa kabisa, kwa kuwa mtu yule aliwaacha njiani kazi ikiwa mbele yao. Mitume wawili waliopendana wakagombana, wakatengana. Barnaba akamchukua Marko wakaenda Kipro, na Paulo akashika njia yake pamoja na Sila.

Lakini habari haikuishia hapo. Miaka ikapita, na Paulo akiwa kifungoni akamwandikia Timotheo amlete Marko, kwa kuwa anamfaa katika kazi. Na Kanisa tangu zamani limemhesabu Marko huyu kuwa ndiye mwandishi wa Injili, nasi twaiadhimisha sikukuu yake kila tarehe 25 Aprili.

Twajifunza nini? Kwanza, mtu akiondoka mahali, kuondoka huko si neno la mwisho juu yake. Pili, uchungu wa Paulo ulikuwa wa kweli. Mmoja akiondoka, mzigo wake huangukia mabega ya waliobaki, wala si haki kuwaambia wanyamaze. Tatu, na tusisahau hili, Marko alikuwa na Barnaba. Barnaba hakumwambia, "Umetuaibisha." Wala hakumwambia, "Ni maisha yako, shauri yako." Alimchukua wakaenda pamoja.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu, alitujia kijana mmoja mwisho wa mwaka wa kwanza. Alisema ualimu haumo moyoni mwake, anataka kuhamia chuo cha ufundi. Tulikuwa na madaftari mengi ya kusahihisha. Tukamjibu kwa methali: mvumilivu hula mbivu. Akashukuru, akaenda zake. Mwaka wa pili akaanza kukosa vipindi, halafu akaonekana mara chache, na mwishowe akaondoka bila cheti cha pale na bila nafasi ya kwingine. Methali ile ni njema na ya kweli. Lakini siku ile hatukuitumia kumfundisha kijana uvumilivu, bali tuliitumia kumfunga mdomo ili turudi kwenye madaftari yetu. Hatukumwuliza hata swali moja. Jambo hili tumekuwa nalo moyoni tangu siku zile.

Kwa hiyo chini ya mwembe tuliazimia kuuliza. Binti akatoa sababu zake: chuo ni mbali, maji hukatika, chakula ni ghali, chumbani wamelala wengi. Zote zilikuwa sababu za kweli. Ndipo tukamwuliza, "Maji yakitoka kesho, na chumba kikapatikana, utabaki?" Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Hapana, Mwalimu."

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Uhasibu ulikuwa chaguo lake la tatu. Aliukubali kwa kuwa nyumbani walisema mhasibu hakosi kazi. Yeye alitamani kufundisha hisabati na jiografia, masomo aliyofaulu kidato cha sita. Tena alikuwa ameshindwa somo moja katika mitihani ya mwisho wa mwaka, akaficha. Chuo kilimtaka arudi kulifanyia mtihani wa marudio kabla ya masomo kuanza tena. Tukamwuliza kwa nini hakusema mapema. Akajibu, "Ningesemaje, na kanisani nimekwisha kuitwa mhasibu?"

Ndugu wapendwa, jibu lile lilituchoma. Makofi yetu yalikuwa ya upendo, lakini yalimfunga mtoto.

Twakiri pia kwamba moyo wetu uliruka kwa furaha kusikia neno ualimu, na papo hapo tukaiona hatari yake. Mshauri naye ana mapenzi yake. Mwalimu mzee asiaminiwe peke yake mtoto anaposema anataka kuwa mwalimu. Kwa hiyo tulimwomba baba ampeleke binti kwa mama mmoja wa kanisani afanyaye kazi ya hesabu. Mama yule akamweleza kazi ya uhasibu ilivyo, taabu yake na heshima yake. Akamwambia tena jambo ambalo sisi tungelipita haraka: walimu wengi waliohitimu hukaa miaka wakingoja ajira. Binti akasikia yote, akarudi na neno lilelile.

Basi tukafanya kama Bwana alivyofundisha katika mfano wa mtu atakaye kujenga mnara. Tukaketi, tukachukua karatasi, tukahesabu gharama.

Shahada ya miaka 3 hapa kwetu huhesabiwa kuwa krediti 360, yaani 120 kwa kila mwaka, na krediti moja ni kazi ya saa 10. Mwanafunzi akihamia chuo kingine kwa kozi ileile, krediti alizofaulu huweza kuhesabiwa, ikiwa chuo kipya kimekubali na taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu zimefuatwa. Lakini akibadili na kozi, kama binti huyu, nyingi katika hizo huachwa nyuma, na yampasa aanze tena mwaka wa kwanza. Mkopo nao hutolewa kwa mwanafunzi aliye katika chuo fulani na kozi fulani. Akihama, lazima aiulize Bodi kwa maandishi ni nini kitakachohamia naye na ni nini kitakachobaki juu ya wazazi. Asitegemee maneno ya rafiki. Wala asikiache chuo cha kwanza kabla hajaishika mkononi barua ya chuo cha pili.

Tulipomaliza, karatasi ilionyesha mwaka mzima uliopotea: ada, chakula, nauli. Baba ni fundi seremala, na mdogo wake binti anatazamiwa kuingia kidato cha tano. Baba akaitazama karatasi ile bila kusema. Tukamwuliza binti, "Mwaka huu unaoupoteza, ni mwaka wako peke yako?" Akalia. Hatukuuliza ili kumzuia. Tuliuliza kwa sababu mtu mzima hujua nani analipa pamoja naye. Chuo kile anachotaka kuhamia kiko Dar es Salaam, naye akisoma huko atalala nyumbani Kibaha na kwenda kwa daladala. Gharama ya chumba ingepungua, ila mwaka haungerudi.

Palibaki mtu mmoja ambaye binti alimwogopa kuliko wote, ndiye bibi yake. Siku ya Jumamosi tukasafiri watatu hadi Dar es Salaam, na kutoka Gongo la Mboto tukapanda vilima vya Pugu hadi Kisarawe. Bibi alitupokea, akatupa maji na mihogo ya kuchemsha, akasikiliza mpaka mwisho. Habari ya mtihani alioshindwa, binti aliisema mwenyewe. Hatukumsaidia.

Bibi akasema, "Korosho zangu nilimpa mtoto. Sikukipa chuo." Halafu baada ya kimya kidogo akaongeza, "Lakini huo mtihani nenda ukaufanye. Mtu akilala kwa watu, asubuhi hukunja mkeka."

Sisi tumesoma vitabu vingi na tumesikia mahubiri mengi, lakini juu ya swali hili hatujasikia neno lililo bora kuliko hilo la bibi. Sadaka ya kweli hutolewa kwa mtu, haimnunui. Na mtu aliye huru kuondoka hukunja mkeka kabla ya kuondoka.

Kutoka kwa bibi yule hadi Minaki si mbali. Wakati wa kurudi tulimkumbusha binti kwamba hata chuo kile kilihama. Leo Minaki ni shule ya sekondari ya serikali, lakini wazee wetu walikijua kama Chuo cha Mtakatifu Andrea. Kilianzia Kiungani, Unguja, katika karne ya 19, kikifundisha vijana waliookolewa katika utumwa, na mwaka 1925 kikaletwa huku Kisarawe.

Wala si chuo tu kilichohama. Misheni yenyewe iliyotuletea Injili, ile ya UMCA, haikuanzia Unguja. Ilianzia Magomero, katika nchi iitwayo leo Malawi, mwaka 1861, chini ya Askofu Mackenzie. Mwezi Januari 1862 Askofu akafa kwa homa, na wenzake wengine wakafa pia. Kulikuwa na vita na njaa. Askofu Tozer aliyemfuata akaamua kuihamisha kazi, na mwaka 1864 akafika Unguja pamoja na Padre Steere. Wengi walimlaumu. Livingstone, ambaye maneno yake huko Uingereza ndiyo yaliyoamsha Misheni ile, alikasirika sana, akaona kazi imekimbiwa.

Tukiangalia nyuma, twaona kwamba aliyehama hakuisahau kazi. Unguja walianza na wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa, ambao Sultani alimkabidhi Askofu. Mmoja wao, John Swedi, akafanywa shemasi mwaka 1879. Siku ya Noeli ya mwaka 1873 jiwe la msingi la kanisa kuu likawekwa Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa. Mwaka 1876 Steere, ambaye sasa alikuwa Askofu, akawapeleka Masasi watu waliowekwa huru, wakajenga makao. Mwaka 1885 Misheni ikaweka makao yake Likoma, katika Ziwa Nyasa. Kazi ikafika tena kwenye nchi zile za ziwa ilizokusudiwa tangu mwanzo.

Lakini historia hiyohiyo ina ukurasa wa huzuni. Katika nchi ile ya kwanza walikuwako watu waliookolewa mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa, wanawake na watoto pia, ambao tegemeo lao lilikuwa Misheni. Tozer hakutaka kuwachukua wote. Mlei mmoja wa Misheni, Horace Waller, alishindwa kukubaliana naye. Akajiuzulu, akawachukua wanawake na watoto wale akasafiri nao hadi Cape Town. Kwa maoni yetu Tozer alikuwa na haki juu ya mahali, lakini alikosea juu ya watu. Alihama vema, ila mkeka alikunjiwa na mwingine.

Basi hili ndilo tunalotaka kuwaambia. Kubaki si utakatifu, na kuhama si dhambi. Wako wanaobaki kwa uvivu na hofu ya maneno ya watu, na wako wanaohama kwa wito. Wako pia wanaohama kila mwaka kwa sababu kila chuo kina mwalimu mkali, nao hawatafika popote. Huwezi kuwatofautisha kwa kutazama mizigo yao kituoni. Utawatofautisha kwa kutazama waliacha nini nyuma yao: deni lisilolipwa, mtihani uliokimbiwa, mwenzao wa chumbani aliyebaki na kodi yote, mzazi aliyeambiwa nusu ya habari. Aliyeyatengeneza hayo kwanza, na bado moyo wake ukamwita kwingine, huyo na aende kwa amani.

Ninyi vijana, jiulizeni swali lile la maji. Kama shida hii ingeondolewa kesho, ningebaki? Ikiwa ndiyo, basi pigana na shida, usihame chuo. Ikiwa hapana, tafuta sababu iliyo chini yake, uiseme kwa mtu kabla haijakuoza moyoni. Mwaka wa kwanza ni mgumu kwa karibu kila mtu. Usiupime mwaka wote kwa mwezi wake mbaya kuliko yote.

Ninyi wazazi, msiwafanye watoto kuwa jibu la ndoto zenu, nanyi msikubali pia kila wanachotaka kwa kuogopa ugomvi. Ketini na karatasi. Mtoto aione hesabu yote, pamoja na jina la mdogo wake.

Na sisi waumini tuliochanga, tujihoji. Binti alipofika mbele ya wazee wa kanisa na kueleza yote kwa kinywa chake mwenyewe, mzee mmoja aliuliza kama fedha zitarudishwa. Swali lake halikuwa baya, kwa maana yeye alitoa akiwa hana. Baraza likazungumza kwa muda, likakubaliana kwamba sadaka iliyotolewa kumsaidia mtoto asome ingali inamsaidia asome. Lakini binti mwenyewe aliomba jambo moja, kwamba likizo hizi afundishe hisabati bila malipo watoto wa kanisa wanaojiandaa kwa kidato cha nne. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mzee yule ndiye wa kwanza aliyempeleka mjukuu wake.

Tunapoandika haya, binti amerudi chuoni kwake kuufanya mtihani ule. Maombi ya chuo kipya ameyatuma, na jibu halijaja. Huenda akakubaliwa, huenda asikubaliwe, akalazimika kumaliza uhasibu na kumtumikia Mungu huko. Hatulijui hilo, wala bibi yake halijui. Lakini tulipomsindikiza kituoni alipanda basi kichwa kikiwa juu, kwa kuwa hakuwa na jambo la kuficha tena.

Na tuombe.

Ee Mungu, uliyemwita Abrahamu atoke kwao, na kuwaagiza wana wa Israeli katika uhamisho wajenge nyumba na kupanda bustani palepale walipo, uwape vijana wetu walio vyuoni kujua lini uwaambiapo kaeni, na lini uwaambiapo nendeni. Uwape ujasiri wa kusema kweli, na bidii ya kumaliza walichokianza au kukiacha kwa heshima. Uwape wazazi subira ya kusikiliza. Utujalie sisi sote kuwa kama Barnaba kwa kila Marko aliye kati yetu, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.